Kesi ya Ini la Shemeji

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nje ya karakana ya Pancha, pale njia mbili zinapokutana na kila mpita njia akalazimika kupunguza mwendo. Mbele yake kuna jiko la mkaa, juu ya jiko birika la kahawa, na nyuma ya birika mzee mmoja asiyedaiwa haraka na mtu. Kijiwe hiki kina desturi yake. Shida ya mtu ikiletwa hapa huitwa kesi, na kesi huamuliwa kabla birika halijakauka. Mwenye shida husema mara moja tu, mwanzoni, kisha anafunga mdomo, maana inaaminika kwamba mtu akiachiwa aisemee shida yake mwenyewe atajipendelea. Sheria hiyo aliitunga Tarishi, ambaye alipeleka hati za mahakama kwa baiskeli mpaka akastaafu, na kwa kusimama sana nje ya milango ya mahakimu akaondoka na nusu ya hukumu zao. Wapo waliofuata hukumu za kijiwe wakajuta. Lakini waliojuta hawarudi kulalamika, kwa hiyo kijiwe kinajihesabu hakijawahi kukosea.

Alasiri hiyo aliyeleta kesi alikuwa Mizani. Jina alilipata kwa sababu mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza, kazi yake ni kupima misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Ya pili, hajui kuamua. Aliwahi kuuliza mtaa mzima kuhusu rangi ya mlango wake, akapata rangi za kila aina, na mlango mpaka leo ni mbao tupu. Watu humcheka kwa hilo naye hucheka nao. Siku hiyo hakucheka. Alikaa ukingoni mwa ubao, bahasha ya hospitali mapajani, akapokea kikombe cha kahawa na kukishika tu bila kunywa. Alikuwa anaogopa. Tangu asubuhi alimwogopea mkewe.

Tarishi alimruhusu aseme. Mizani akaeleza kwamba mkewe, ambaye wote walimjua kwa cherehani yake na sare za shule anazoshona, alikwenda hospitali akapigwa picha ya tumbo, ile ya kupakwa utelezi na kupitishiwa mashine. Wakaona kifuko cha maji kwenye ini. Kifuko kikubwa, kama chungwa lililoiva. Daktari amesema kwa wanavyoona si saratani. Njia za kutibu ziko kadhaa. Kinaweza kuachwa, kikawa kinachunguliwa kwa picha kila baada ya miezi. Kinaweza kuvutwa maji kwa sindano ndefu, ila mara nyingi maji hurudi. Wakishayavuta wanaweza kutia spiriti ya hospitali ndani ya kifuko ili kikauke. Au wanaweza kumfanyia upasuaji wa matundu madogo, wakakata paa la kifuko kisijae tena. Lakini kwanza wamechukua damu wapime kama hakikutokana na minyoo ya mbwa, kwani kikiwa cha minyoo hakichomwi ovyo, hutangulizwa vidonge.

Kisha akaongeza kwamba yeye hakusikia mwanzo wa mazungumzo. Alikuwa nje, akizozana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha baiskeli. Alipoingia, daktari alikuwa ameshafika kwenye dawa.

Mizani: Wanataka jibu kesho asubuhi. Sasa niambieni, nichague lipi?

Tarishi: Daktari mwenyewe anapendelea lipi?

Mizani: Amesema yote yanategemea mgonjwa mwenyewe.

Tarishi: Hiyo ni lugha ya kunawa mikono. Hata hakimu akishindwa husema inategemea. Umemaliza?

Mizani alikuwa hajamaliza, lakini alisema amemaliza. Ndivyo alivyo.

Picha ikatolewa kwenye bahasha, ikazungushwa. Ilikuwa nyeusi na kijivu, na katikati pana duara jeusi limekaa kimya. Bomba, ambaye ni fundi wa mabomba na mikono yake hunuka gundi hata siku ya sherehe, aliitazama kwa jicho moja akasema anaona tangi lisilo na njia ya kutolea maji. Pancha akaipokea kwa vidole vyenye mafuta, akasema hilo si tangi, hilo ni nundu. Tarishi aliisoma kichwa chini miguu juu, akatikisa kichwa kama aliyekuta ushahidi mzito. Mzee wa kahawa, alipooneshwa, akasema mvua inakuja. Mizani aliipokea akairudisha kwenye bahasha. Yeye tangu asubuhi alikuwa ameitazama mara nyingi, na kila mara aliona usiku tu.

Bomba akaomba kutangulia, kwa kuwa habari yenyewe ni ya maji na maji ni mali yake.

Bomba: Maji hayazuki. Ukiona dari limelowa hupaki rangi dari. Unapanda juu utafute panapovuja.

Tarishi: Kwa hiyo unashauri nini?

Bomba: Wapande juu.

Tarishi: Juu ya ini kuna nini?

Bomba: Ndiyo nauliza mimi pia.

Hakuna aliyejua juu ya ini kuna nini. Pancha alisema mapafu. Mzee wa kahawa alisema Mungu. Tarishi akaandika hewani kwa kidole, jambo analofanya akiwa amepotea, kisha akamwambia Bomba aendelee. Bomba akaeleza kwa kirefu kwamba tangi lolote lisilo na valvu ni hasara, na kwamba kosa la madaktari ni kuvuta maji na kuondoka, badala ya kuacha bomba dogo lenye koki ubavuni, ili mwenye tumbo awe anafungua mwenyewe asubuhi anapopiga mswaki. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyeona mengi chini ya masinki. Akamaliza kwa kusema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na watu wakaitikia ndiyo, ingawa nani avue na nani aoge hapakuwa wazi.

Pancha: Mimi nakataa sindano. Tairi likitoa nundu huligusi na kitu chenye ncha. Ukilitoboa unabaki na kitambaa mkononi. Unapunguza upepo, unaendesha taratibu.

Bomba: Huyu ni mtu, Pancha.

Pancha: Kwani mtu hana upepo?

Tarishi: Mtu unampunguzaje upepo?

Pancha: Ale kidogo. Tumbo likipungua, nundu inapata nafasi.

Mizani aliinua kidole. Alitaka kusema kwamba mkewe tayari anakula kidogo, kidogo mno. Siku hizi ni matonge matatu, kisha anasukuma sahani na kusema ameshiba. Yeye alidhani ni maringo, au labda ile siku alipolalamikia chumvi ilimkaa moyoni. Halafu, wakati huo huo wa kushiba upesi, alimwona akizifumua gauni zake kiunoni na kuziongeza kitambaa, naye akafurahi kijinga, akasema ndoa imemkubali, mke ananenepa. Sasa mambo hayo mawili yaligombana kichwani mwake: vipi mtu ale kidogo na kiuno kizidi? Lakini Tarishi alikitazama kile kidole kwa ukali, na Mizani akakishusha. Sheria ni sheria. Akameza pamoja na kahawa iliyopoa.

Hoja ya kungoja ndiyo iliyoleta vurugu ya kwanza. Tarishi alisema daktari akisema kitu kinaweza kuachwa basi kiachwe, kwani subira huvuta heri. Bomba akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili tunalozungumzia hapa ni tumbo hasa, kwa hiyo wahenga wameshakata shauri. Tarishi akasema mwenda pole hajikwai. Bomba akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pancha, ambaye hapendi kuachwa nyuma, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wote wakamgeukia.

Bomba: Hiyo inaingiaje?

Pancha: Si maji?

Basi ikahesabiwa. Kwa methali, kungoja kulishindwa, lakini kwa umri wa mtetezi wake kulishinda, na kijiwe kikabaki palepale kilipokuwa. Mizani aliwafuata kwa macho mmoja baada ya mwingine. Kila aliyesema alimwona ana haki. Bomba akisema, moyo wake unakwenda kwa Bomba. Pancha akijibu, unahama. Tangu ujana wake amekuwa hivyo, na kwa misumari si neno, msumari ukizidi unautoa kwenye sahani ya mizani na ukipungua unaongeza. Mke hawekwi wala hatolewi.

Kompresa ya Pancha ikanguruma, kama inavyonguruma itakapo, na watu wakanyoosha vikombe. Mzee wa kahawa akamimina duru ya pili. Kompresa ilipotulia, ikaja habari ya spiriti, na hapo ndipo kichwa cha kila mmoja kilipopinda kabisa.

Pancha: Subiri. Si wao haohao hospitalini ndio waliobandika ukutani kwamba pombe inaua ini?

Tarishi: Ndio haohao.

Pancha: Na sasa wanataka kuimwaga humohumo kwenye ini, kwa sindano, bila hata kupitia mdomoni.

Bomba: Inaingia kwenye kifuko tu. Ini lenyewe haliguswi.

Pancha: Kifuko kiko wapi?

Bomba: Kwenye ini.

Pancha: Haya.

Hata Bomba, ambaye ana jibu la kila kitu, alitazama viatu vyake. Tarishi akaingiza swali la kisheria: mwanamke ambaye hajaonja kilevi maisha yake yote, akitiwa spiriti na daktari, atahesabiwa amekunywa au hajanywa? Bomba alisema hajanywa, kwa sababu kunywa ni koo. Pancha alisema amekunywa, kwa sababu kulewa si koo, ni damu. Mzee wa kahawa aliuliza kama atatembea mwenyewe kurudi nyumbani. Mizani alimwona mkewe akilini akiyumba njiani na futi yake ya kushonea shingoni, akiimba, na badala ya kucheka machozi yalimlenga. Akajifanya moshi wa jiko umemwingia.

Tarishi aliona hali hiyo. Si mtu mbaya Tarishi, ni mtu aliyependa mahakama ikamkataa. Akamsogelea kwenye ubao akamwambia ajikaze, kesi iko mikononi mwa watu wazima. Kisha, ili kubadili upepo, akauliza habari ya mbwa.

Kwa kuwa jibu la damu lilikuwa bado, jambo la busara lilikuwa kuliacha. Kijiwe hakikuliacha. Ilikumbukwa kwamba jirani wa Mizani, yule fundi viatu, ana mbwa wa manjano anayelala kivulini mwa cherehani ya mke wa Mizani. Ikakumbukwa kwamba shemeji humtupia mabaki. Bomba akasema alimwona kwa macho yake mbwa huyo akilamba sufuria. Pancha akasema basi mshitakiwa amepatikana. Tarishi aliamua kwamba mbwa aitwe shaurini, kisha akakumbuka kwamba hati ya kuitwa lazima mtu aisome mwenyewe au asomewe, na akatafakari kwa uzito jinsi ya kumsomea mbwa. Pancha alijitolea kumfunga kamba. Ikabidi mzee wa kahawa awakumbushe kwamba birika limefika nusu na anayeumwa si mbwa.

Wakarudi kwenye ini, na lile la paa.

Bomba: Hili mimi silielewi na sitaki kudanganya. Tangi ukiliondoa paa si ndiyo linajaa vizuri zaidi?

Tarishi: Tumboni hakunyeshi.

Bomba: Lakini maji yanatoka ukutani mwa kifuko chenyewe. Paa likitoka, yanakwenda wapi?

Pancha: Yanamwagika.

Bomba: Wapi?

Pancha: Tumboni.

Bomba: Tumboni wapi?

Mizani alilijua hili. Daktari alilisema: yakimwagika taratibu, mwili unayanywa, ndiyo maana kifuko hakijai tena. Aliinua kidole tena, akakishusha mwenyewe kabla hajatazamwa. Bomba naye, akijisemea polepole, akafika karibu na palepale kwa njia zake. Alisema huenda ni kama shimo la kunyonya, maji yanaingia ardhini, humwoni aliyeyanywa. Alipolisema hilo uso ulimng'aa. Kwa muda wa mkupuo mmoja wa kahawa kijiwe kilikuwa kimeelewa kitu. Halafu Pancha akauliza, kama mwili unakunywa maji ya kifuko, na hao wanaotia spiriti je, mwili hauinywi? Wakarudi walikotoka.

Kuanzia hapo kamba ilikatika. Pancha alipendekeza mgonjwa azamishwe kwenye karai kama tyubu, ili mapovu yaoneshe tundu liko wapi. Bomba alipendekeza apigwe shinikizo kutoka chini. Tarishi, ambaye muda huo alikuwa akikusanya nguvu, akasema kwamba wote wanahangaika na matawi. Yeye alisikia, kutoka kwa mtu aliyesikia kwa muuguzi, kwamba ini likikatwa huota tena.

Pancha: Kama nini?

Tarishi: Kama nywele.

Pancha: Basi linyolewe.

Tarishi: Ndiyo hoja yangu. Linakatwa lote na kifuko chake, linangojwa liote.

Bomba: Na wakati linaota anatumia nini?

Tarishi alisema atatumia la kuazima. Ndipo ukaanza mjadala wa nani aazime. La Pancha lilikataliwa kwa kauli moja kwa sababu zinazojulikana kila Jumamosi. La Tarishi lilionekana limechakaa. Bomba akasema kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo kila mtu akate kipande chake, na vipande viunganishwe kama mabomba ya vipimo tofauti, kwa viungio vya kupunguza. Pancha akasema yeye hakatwi. Akasema kuna watu walikatwa maini kwa maneno tu na mpaka leo hawajainuka, sembuse kwa kisu.

Mizani hakucheka, ingawa wengine walicheka. Alikuwa amekwishaamua kimoyomoyo, na hilo lilimshangaza, kwamba lake lingetolewa lote bila kupimwa. Angeondoka hospitalini bila ini na asingeuliza mtu. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuamua kitu moja kwa moja, na bahati mbaya kilikuwa kitu ambacho hakuna aliyemwomba.

Mzee wa kahawa akainua birika, akalitikisa. Sauti ilikuwa ya kokoto chache. Tarishi akasimama, akakung'uta suruali na kusema zipigwe kura. Bomba alipiga kura ya bomba lenye koki. Pancha, ya kupunguza upepo. Tarishi, ya kungoja, kisha akabadili kuwa ya kunyoa, kisha akasema yeye ni mwenyekiti na hapigi. Mzee wa kahawa aliombwa avunje mkwamo, akasema apewe muda amalize kusuuza vikombe. Kwa hiyo Tarishi akafanya kile walichokuwa wakifanya mahakimu wake njaa ilipowashika. Akaunganisha kila kitu.

Tarishi: Kijiwe kimeona hivi. Shemeji asubiri, lakini wakati akisubiri avutwe maji. Akishavutwa asitiwe spiriti, ila spiriti iwepo karibu. Paa likatwe nusu. Chakula kipunguzwe. Mbwa afungwe. Kama haitoshi, ini linyolewe. Mizani, umeridhika?

Mizani alifungua mdomo aseme ameridhika. Ndipo alipoona kwamba mkewe amesimama pembeni ya karakana, karibu na lile rundo la matairi. Hakujua amesimama hapo tangu lini. Futi ilikuwa shingoni, na kwenye kifua cha gauni pini mbili za kushonea. Yeye si mtu wa kuja kijiweni. Kwake hapo ni mahali ambapo wanaume huanika maneno yasiyokauka, na alishamwambia hivyo mumewe mara nyingi, kwa utani na bila utani. Wanaume wakanyanyuka wote kwa pamoja na ubao ukaruka upande mmoja.

Pancha: Karibu shemeji, karibu. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Bomba akamkanyaga mguu.

Mkewe: Nimesikia mnaniamua. Nikasema nije nisikilize hukumu yangu.

Tarishi: Shemeji, tumekukalia kikao kwa heshima zote. Mumeo amelieleza vizuri sana.

Mkewe: Ameeleza nini?

Tarishi: Dawa. Zote. Hata za minyoo.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mizani. Angekuwa na hasira angejua la kufanya, angeinama, angetania, angemnunulia kitambaa. Alikuwa amechoka tu. Alishika ncha ya ubao kwa mkono mmoja kama mtu aliyepanda ngazi ndefu, ingawa kutoka nyumbani mpaka pale hakuna hata kijilima. Mizani aliona jasho juu ya mdomo wake. Akajiuliza kama jasho hilo ni la leo, au limekuwapo siku zote.

Mkewe: Na mimi nina swali moja, si gumu. Naumia wapi?

Bomba alipeleka mkono ubavuni mwake wa kushoto, akasita, akauhamishia tumboni, kisha akaufanya unakuna. Pancha alitazama kompresa, na siku hiyo kompresa haikumsaidia. Tarishi, aliyezoea kuulizwa wapi na lini na mbele ya nani, alimgeukia Mizani kwa sura ya mtu anayekabidhi faili kwa mwenyewe. Wote wakamgeukia. Ilikuwa haki yao. Kama kuna mtu pale aliyepaswa kujua, ni yeye.

Mizani akatafuta. Alitafuta kwa bidii, jinsi mtu anavyotafuta ufunguo mifukoni huku mlango umeshafungwa. Alikumbuka kwamba usiku mkewe huamka akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo ukiwa kwake. Aliwahi kumuuliza kuna nini, akajibiwa hakuna, akageukia ukutani akalala. Alikumbuka alivyomwona anashona sare amesimama, na akadhani kiti kimevunjika, akapanga kukitengeneza na hakukitengeneza. Alikumbuka mambo mengi, na katika yote mkono wa mkewe ulikuwa mahali fulani, umeshika kitu, ubavu au mgongo au chini ya matiti, na yeye hakuwahi kuutazama uko wapi. Alijua urefu wa sindano. Alijua habari ya paa. Alijua spiriti na vidonge na mbwa wa manjano. Aibu ikampanda, aibu ya kweli, hata masikio yakawa ya moto.

Mizani: Sijui.

Alilisema polepole na wote wakalisikia. Mzee wa kahawa aliacha kusuuza.

Mkewe akaketi kwenye ubao, kwa uangalifu, upande mmoja kwanza, kama anayekaa juu ya kitu kinachoweza kumwagika. Wanaume walibaki wamesimama. Akaupiga ubao kofi dogo pembeni yake, na Mizani akaketi.

"Basi niulize," alisema.

Mizani akaiweka bahasha chini, akamgeukia, akamuuliza.